Kome wa Bahari Yetu na Miungu ya Wayunani

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Marsabit na Moyale, afikapo Isiolo, hulakiwa na wachuuzi wa bangili za shaba na aluminiamu; na akijaliwa kukaribishwa katika nyumba za Waborana, huenda akaoneshwa gorfa, chombo cha maziwa ambacho wanawake hukisuka kwa nyuzi za mizizi, wakakifukiza moshi ili maziwa yasiharibike upesi, kisha wakakivika mikanda ya ngozi iliyopangwa kauri nyeupe. Kauri hizo zilizaliwa katika Bahari ya Hindi, nazo ziliifikia nchi hii kavu ya ngamia na ng'ombe pamoja na misafara iliyotoka bandari za Benadir na za pwani yetu, zamani kabla ya kuwapo barabara.

Naanza na gorfa kwa kusudi, kwa sababu habari za kameo, vile vito vya kale vilivyochongwa sura za miungu, aghalabu huanzishwa Ulaya, mezani pa fundi, kana kwamba gamba lilizaliwa mkononi mwake. Ilhali kome ambaye gamba lake lilipendwa mno na wachongaji hao ni wa bahari ile ile iliyoleta kauri za Isiolo. Wataalamu humwita Cypraecassis rufa, na Linnaeus ndiye aliyemtia katika orodha ya viumbe mwaka 1758. Hukaa miambani, tangu pwani ya Kenya na Unguja hata Msumbiji na Bukini, na gamba lake ni zito, lenye tabaka mbili zisizofanana: ya juu nyeupe yenye kuelekea umanjano, na ya chini nyekundu kama akiki. Sanaa yote ya kameo imesimama juu ya tofauti hiyo, kwani weupe unaoachwa huwa mwili, na pale unapokwanguliwa hujitokeza wekundu ukawa uwanja wa nyuma.

Makao ya uchongaji huo ni Torre del Greco, mji wa Italia ulio chini ya Vesuvius, mlima wa moto, ambao watu wake walikuwa wavuvi wa marijani kwa karne nyingi. Mwaka 1805 Paolo Bartolomeo Martin, mfanyabiashara aliyetoka Marseille, alipewa na Mfalme Ferdinand ruhusa ya kufungua karakana ya marijani mjini humo, na mwaka 1878 ikaanzishwa shule ya kufundishia vijana kuchonga. Fundi hukata kipande cha duara dufu kutoka kwenye nundu ya gamba, akakigandisha kwa lami ya moto juu ya kijiti cha mkononi, akachora sura kwa kalamu, kisha akaanza kukwangua kwa patasi nyembamba, kidogo kidogo, akihifadhi weupe mahali pa paji la uso na kuupunguza hata karibu kuisha mahali pa shela, ili wekundu uonekane kama kwa nyuma ya kitambaa. Kazi ya shela hiyo ndiyo niistahiyo kuliko zote, kwa maana kosa moja halina dawa.

Katika duara hizo walichongwa Medusa mwenye nyoka kichwani, Psyche mwenye mbawa za kipepeo, wale mabinti watatu wa uzuri, na Hebe akimnywesha tai wa Zeus. Wageni waliokwenda kutazama magofu ya Pompeii walizinunua wakarudi nazo makwao. Na Malkia Victoria wa Uingereza alipozipenda, kila bibi mwenye uwezo alitaka bizimu ya namna hiyo kifuani pake.

Nayo Ulaya ilileta vyake. Shanga nyekundu za Venice, zilizoigizwa rangi ya marijani ya fedhaluka na kuitwa samesame, zilipitia Unguja zikabebwa bara na wapagazi, na hakuna kiongozi wa msafara, hata Jumbe Kimemeta wa Pangani aliyefuatana na Teleki, mpelelezi wa Kihungaria, mwaka 1887, ambaye angethubutu kwenda nchi za Wasamburu bila shanga. Upande wa magamba, nyumba ya O'Swald ya Hamburg, iliyofungua duka Unguja mwaka 1849, ilisafirisha kauri zetu hadi Afrika Magharibi zikatumike kama fedha. Kwa hiyo mama wa Isiolo na bibi wa London walijipamba kwa mali ya bahari moja, na sioni sababu kwa nini kibandiko cha jumba la makumbusho kiutaje mji wa mchongaji na kuinyamazia pwani iliyotoa gamba.

Sababu ya kuitaja si heshima peke yake. Kome huyu hula wale wanyama wa miiba wakwanguao miamba. Akiokotwa kupita kiasi, hao huongezeka na mwamba ukaliwa, na samaki hukosa makao. Vilevile hukua polepole, wala ganda lililotengwa kwa mchongaji halirudi baharini. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuokota kome, awe hai au awe gamba tupu.