Kisangani: nani atawafundisha watoto vita ya siku sita?

Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Makombora yaliangukia nyumba, kanisa kuu Notre-Dame, hata shule. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema raia waliouawa ni kati ya 244 na 760.

Pengo hilo ni watu ambao hawajahesabiwa vizuri. Mwanafunzi anayefanya mtihani wa serikali leo alizaliwa baada ya vita hiyo. Akipewa tarehe tu, atazikariri, kisha atazisahau. Mwalimu akimtuma kwa wazee wa mtaa, Tshopo au Makiso, aandike nani alikufa na wapi, majina yatabaki. Familia zilizohama nazo zinayajua. Ziwasimulie watoto kabla wazee hawajaisha.