Upanga wa Tibeti

Katika mji wa New York, nchi ya Marekani, pana nyumba kubwa ya makumbusho iitwayo Metropolitan. Mle umewekwa upanga wa kale wa Tibeti, uliofuliwa kati ya karne ya 14 na ya 16. Mpini wake ni wa chuma kilichotobolewa nakshi na kutiwa dhahabu na fedha. Yamkini ni kazi ya mafundi wa China, kwa maana wafalme wa China waliwapelekea wakuu wa dini wa Tibeti zawadi nyingi za thamani.

Lakini sifa ya panga za Tibeti haiko katika dhahabu peke yake. Mhunzi alitwaa chuma kigumu na chuma laini, ambavyo Watibeti waliviita chuma dume na chuma jike, akavikunja na kuvifua pamoja hata vikawa kitu kimoja. Ndiyo sababu bapa la upanga laonyesha mistari myeupe na myeusi, ipandayo kutoka mpinini na kugeuka karibu na ncha. Upanga wa chuma kigumu kitupu huvunjika, na wa chuma laini kitupu hupinda; vikiungana, hudumu.

Silaha nyingine zilitolewa kuwa sadaka, zikatunzwa katika vyumba vya mahekalu yao vizazi hata vizazi. Nyingine zilikwenda vitani.

Tarehe 31 Machi 1904, msafara wa Waingereza wa Younghusband ulikutana na Watibeti mahali paitwapo Guru. Waingereza walipoanza kuwanyang'anya silaha, mapigano yakazuka. Watibeti walikuwa na panga na magobori ya utambi. Wenzao walikuwa na bunduki mpya, na zile za Maxim zipigazo mfululizo. Kwa muda mfupi Watibeti zaidi ya 600 waliuawa, na upande wa pili walijeruhiwa wachache tu. Siku ile upanga haukumwokoa aliyeushika.

Basi, ndugu wasomaji, nguvu ya upanga ilikwisha, lakini kazi ya mhunzi haikufa. Hata leo watu huitazama kwa mshangao. Kama kijijini kwenu yuko mzee aliyejua kufua chuma, mwendeeni angali hai, mkaandike maarifa yake. Maana hata siku ile aliyoitabiri nabii Isaya, panga zitakapogeuzwa majembe, atatakiwa mhunzi.