Rangi ya Gari, Mbao ya Msituni

Gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni halikuwa na mbao hata kidogo. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walilitoa Los Angeles mwaka 1932, alumini tupu ya kumimina kwenye kalibu, shingo na kiwiliwili kitu kimoja. Kwa umbo lake watu wakalibatiza jina la kikaango. Udhaifu wake ulikuwa joto: taa za jukwaani zikilipata, alumini inatanuka na nyuzi zinatoka kwenye tuni.

Ni vema kulikumbuka gitaa hilo kila anapotokea mteja mwenye pesa zake za kuchongesha, akaanza kubishana na fundi kuhusu mbao ipi inaimba vizuri. Ubishi huo una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilisukumwa na mkuu wa manunuzi wa kiwanda kuliko mwanamuziki.

Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio na hakujua kupiga gitaa. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa paini. Alipoanza kuuza mwaka 1950 alitumia eshi, mbao ya Marekani yenye vinyweleo vikubwa. Vinyweleo hivyo lazima vijazwe, vikauke, vipigwe msasa, ndipo rangi itulie. Hiyo ni kazi, na kazi ni mshahara. Mwaka 1956 kiwanda kikahamia alda, yenye ngozi laini na isiyohitaji matayarisho marefu. Eshi ikaachiwa magitaa ya rangi nyeupe ya maziwa, ile inayoacha mishipa ya mbao ionekane. Kwa maneno mengine, rangi ndiyo iliyochagua mbao. Leo utamsikia mtu akisimulia utamu wa alda kana kwamba Fender aliuteua kwa sikio.

Huko Kalamazoo, Michigan, kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la Les Paul mwaka 1952: mahogani nyuma, kipande cha mepo juu, na rangi ya dhahabu iliyofunika uso wake wote. Chini ya dhahabu hakuna anayejali mepo inafananaje. Mwaka 1958 dhahabu ikaondolewa, ikaja sanibasti, rangi inayoruhusu macho kupenya, njano katikati na nyekundu ukingoni. Ghafla mepo ikawa uchi. Nyingine zilikuwa na mawimbi kama maji ya bwawa yakipulizwa na upepo, nyingine hazikuwa na kitu, na mnunuzi alipata alichopata.

Tena ule wekundu haukuweza kustahimili mwanga. Gitaa lililotundikwa dirishani mwa duka lilipauka mwaka hadi mwaka: hili likawa rangi ya asali, lile rangi ya chai, jingine likabaki limau tupu. Ilikuwa kasoro ya rangi, basi. Wanunuzi walikuwa wachache na toleo lile likakoma mwaka 1960. Sasa yaliyobaki huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na mafundi duniani kote huchanganya rangi kwa makusudi ili gitaa jipya lionekane limepauka. Mteja analipia zaidi kile ambacho mteja wa zamani angekirudisha dukani.

Mwaka huohuo wa 1958 Gibson walitumia limba kwa magitaa ya Flying V na Explorer, wakaiita korina kibiashara. Mti huo ni wa kwetu Afrika, unaota misitu ya magharibi na ya kati, ikiwemo Mayombe ya Kongo. Wanunuzi waliyapa kisogo.

Rangi zenyewe zilitoka barabarani. Mwaka 1923 DuPont walileta Duco, rangi ya nitroselulosi iliyofanya gari lililokuwa likichukua wiki kadhaa kupakwa likamilike kwa muda mfupi sana. Fender walinunua rangi hizohizo za magari, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakachapisha chati: buluu ya Cadillac, nyekundu ya Ford Thunderbird, kwa nyongeza ya asilimia 5. Gibson wakajibu kwa kumwita Ray Dietrich, mbunifu wa magari, awachoree gitaa la Firebird la 1963. Nitroselulosi ni nyembamba, hupasuka kwa baridi na kugeuka manjano, hata buluu ikaelekea kijani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 wengi walihamia poliesta, ngumu na nene.

Na sauti je? Pikapu ni sumaku na waya. Inachosoma ni mtikisiko wa uzi wa chuma. Danelectro za miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa hadibodi, na Jimmy Page alizipiga bila aibu. Mwaka 1969 Dan Armstrong alibuni gitaa la plastiki angavu, na Keith Richards akapanda nalo jukwaani. Kwangu mimi, mbao huamua uzito na sura. Sauti uitafute kwenye pikapu, amplifaya na vidole.

Kinachobana sasa ni upatikanaji wa mbao. Mwaka 2017 jamii nzima ya mpingo, pamoja na mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji, ilianza kuhitaji vibali vya kimataifa. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa sharti hilo. Mdudu mla eshi aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na mwaka 2020 Fender wakatangaza kuipunguza sana mbao iliyowalea. Gibson nao, mwaka 2012, walikubali kulipa dola 300,000 kumaliza kesi iliyohusu mbao nyeusi ya Madagaska.

Basi ukienda kwa fundi, anza na rangi. Ukitaka nyekundu nzito ya gari, usitupe pesa kwenye mepo ya mawimbi ambayo hakuna atakayeiona. Alda inatosha, na mkangazi pia unatosha. Ukitaka mishipa ionekane, hapo ndipo ulipie mbao, na uchague kipande mwenyewe kikiwa kimelowa maji kidogo, maana kikavu hudanganya. Ulizia uzito kwa kilo. Ulizia na karatasi za mbao ilikotoka, kabla ya kutoa malipo ya awali.