Analogi Pepe na Sauti ya Kisomali: Kinanda Kilichozaliwa Bendi Zilipovunjika

Katika muziki wa Kisomali unaosikilizwa kaskazini mashariki mwa Kenya, kuanzia mji wa Garissa hadi vituo vya wafugaji kama Kotile huko Ijara, hakuna ala iliyobebeshwa kazi nyingi kuliko kinanda cha umeme, ambacho tangu mwaka 1991 kimeshika nafasi ya gitaa la besi, ya saksafoni, ya ngoma na hata ya kundi zima la wapigaji. Hata hivyo, kinanda hicho kina nasaba mbili ambazo wasikilizaji wengi hawazitenganishi. Ya kwanza ni ya kibodi zenye midundo iliyokwisha kupangwa ndani yake, ambazo humwezesha mtu mmoja kuendesha shughuli nzima. Ya pili ni ya sinthesaiza, yaani chombo kinachotengeneza sauti yenyewe kutoka mwanzo, na katika nasaba hii ndimo ilimozaliwa analogi pepe, ala ya kidijitali inayoiga kwa hesabu mwenendo wa saketi za zamani.

Msingi wa muziki huu ulikuwapo kabla ya umeme. Dhaanto, ngoma ya wafugaji inayochezwa kwa safu za wanaume na wanawake, iliendeshwa kwa makofi, nyayo na sauti za kupokezana, na buraanbur, ushairi wa wanawake, ulisindikizwa na ngoma harusini. Katika miaka ya 1940 ulizuka mtindo wa qaraami, wimbo wa mapenzi unaoandamana na udi, ambao Wasomali huuita kaban. Na mmoja wa waasisi wa muziki huo mpya, Abdullahi Qarshe, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Muziki wa Kisomali kwa sehemu kubwa hutumia ngazi ya noti tano, tofauti na maqamu za Kiarabu ambazo baadhi yake hudai robo-toni, yaani noti zinazoangukia katikati ya vitufe vya kinanda cha kawaida. Kwa sababu hiyo kinanda cha Kizungu chenye noti 12 kiliweza kuupokea wimbo wa Kisomali bila kuukata, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa taarabu ya pwani.

Sauti ya umeme ilifika kaskazini mashariki kwanza kwa redio. Redio Mogadishu ilisikika katika eneo hilo tangu miaka ya 1960, na baada ya jeshi la Siad Barre kutwaa madaraka mwaka 1969, serikali ya Somalia ilizifadhili bendi na vikundi vya sanaa, miongoni mwao Waaberi na Iftin, huku bendi binafsi kama Dur-Dur zikipiga katika kumbi na hoteli za Mogadishu miaka ya 1980. Sahani za santuri zilizochapishwa zilikuwa chache, kwa hiyo nyimbo zilisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa tena na tena, na kila nakala ilipunguza ung'avu wa sauti za juu na kuongeza mvumo wa utepe. Sauti ya kinanda iliyozoeleka kwa njia hiyo ilikuwa basi zao la vitu viwili, saketi na kaseti, na yeyote anayetaka kuiiga leo hana budi kuvizingatia vyote viwili.

Sinthesaiza ya analogi hufanya kazi kwa mkondo halisi wa umeme. Sehemu iitwayo oskileta hutoa wimbi lenye umbo maalumu: wimbi la msumeno, ambalo lina hamoniki nyingi, yaani sauti ndogo zinazopanda juu ya noti kuu na kuipa rangi yake, au wimbi la mraba, ambalo husikika tupu zaidi na kukaribia sauti ya zumari. Wimbi hilo hupitishwa katika filta, inayokata hamoniki za juu ili sauti iwe nzito na laini, kisha huongozwa na envelopu, yaani mpango wa namna sauti inavyoanza, inavyodumu na inavyofifia. Minimoog ya mwaka 1970 ilifanya hayo yote kwa noti moja tu kwa wakati mmoja. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilifikisha noti tano na kuongeza kumbukumbu ya kuhifadhi sauti zilizotengenezwa. Udhaifu wa ala hizo ulikuwa joto, kwa kuwa mwenendo wa transista hubadilika hali ya hewa inapobadilika, na noti huhama taratibu kutoka mahali pake. Katika mazingira ya Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, chombo cha namna hiyo kingehitaji kurekebishwa kila kinapotolewa kivulini.

Teknolojia ya dijitali iliondoa tatizo hilo, lakini kwa gharama yake. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilitoa noti 16 kwa pamoja bila kuhama hata kidogo, na Korg M1 ya mwaka 1988 ilitumia vipande vya ala halisi vilivyorekodiwa na kuhifadhiwa ndani yake. Vifundo vingi vya kuzungusha vilitoweka, na mahali pake pakawekwa skrini ndogo na menyu ndefu, hivyo wapigaji wengi waliacha kuunda sauti na kuanza kuchagua zile walizozikuta kiwandani.

Wakati mabadiliko hayo yakiendelea, Somalia ilikuwa inavunjika. Mji wa Hargeisa ulipigwa mabomu mwaka 1988, kanda za redio yake zikafichwa na nyingine kuvushwa mpaka ili zisalimike. Siad Barre aliondolewa Januari 1991, na wanamuziki wakatawanyika pamoja na wakimbizi wengine. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na Dadaab kati ya 1991 na 1992, wakati mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi ukigeuka kituo kikuu cha biashara ya Wasomali. Bendi ya watu kumi inahitaji ukumbi, vyombo, mafuta na malipo ya kila mmoja, na hayo yote yalikuwa yametoweka. Mwimbaji mmoja na mpiga kinanda mmoja waliweza kusafiri na kuhudumia harusi, na midundo ya kibodi ikachukua nafasi ya wapiga ngoma waliokuwa wamesambaa mabara mengi.

Analogi pepe ilitokea katika miaka hiyohiyo, kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 1995 kampuni ya Clavia ya Sweden ilitoa Nord Lead, kinanda chekundu ambacho ndani yake hamna oskileta ya umeme, bali kichakataji kinachopiga hesabu, maelfu kwa maelfu kila sekunde, ya namna ambavyo oskileta na filta vingetenda. Vifundo vilirudi juu ya ubao, kila kimoja na kazi yake, na mpigaji akaweza tena kufungua filta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na wimbo. Roland ilifuata kwa JP-8000, iliyokuwa na wimbi lililounganisha misumeno 7 iliyopishana kidogo na kuzalisha sauti pana iliyotawala muziki wa densi wa Ulaya. Mwaka 1997 zilitoka Virus ya Access kutoka Ujerumani, yenye noti 12, na AN1x ya Yamaha, yenye noti 10. Mwaka 2002 Korg ilitoa microKorg, yenye vitufe 37 vidogo na noti 4, ambayo huweza kuendeshwa kwa betri 6 za kawaida, sifa yenye maana kubwa mahali ambapo umeme haujafika kila boma.

Kuiga huko kulikuwa na mipaka inayosikika. Hesabu za dijitali hushika tu mitetemo iliyo chini ya nusu ya idadi ya sampuli, yaani vipimo vya wimbi, zinazochukuliwa kwa sekunde. Hamoniki zinazozidi hapo hurudi chini zikiwa noti zisizohusiana na wimbo, na sikio huzipokea kama mlio wa chuma katika noti za juu. Vilevile, kifundo kinachosoma ngazi 128 tu huifanya filta ipande kwa vidaraja badala ya kuteleza. Kinyume chake, uthabiti wenyewe ulilaumiwa: oskileta mbili zisizohama kamwe hukosa ule msuguano mdogo unaoipa sauti uhai, hivyo watengenezaji wakalazimika kuandika programu za kurudisha kasoro ambayo mafundi wa awali walihangaika kuiondoa.

Kwa wimbo wa Kisomali, uwezo wa ala hii ni dhahiri. Sauti ya mwimbaji huteleza kati ya noti, na sinthesaiza ina glaidi, mpangilio unaoipeleka noti moja hadi nyingine bila kukatika, pamoja na gurudumu la kupindisha noti. Wimbi la mraba lililofunikwa na filta hukaribia sana vinanda vya kaseti za miaka ya 1980. Hata hivyo, harusi haikuihitaji. Noti 4 au 12 zisizo na ngoma, besi wala midundo haziwezi kuendesha usiku mzima, wakati kibodi ya bei nafuu hutoa vyote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Taarabu ya kisasa ya Zanzibar na Dar es Salaam ilifuata njia hiyohiyo katika miaka ya 1990, kinanda kilipochukua nafasi ya fidla na kodiani.

Rekodi za zamani zimerudi sokoni. Albamu ya Dur-Dur iliyorekodiwa Redio Mogadishu mwaka 1987 ilitolewa upya Marekani mwaka 2013, na mkusanyiko wa Sweet as Broken Dates wa mwaka 2017 uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Vijana wanaozisikiliza wanaweza sasa kuitafuta sauti hiyo kwa analogi pepe au kwa programu ya kompyuta, na wataipata rangi yake bila shida kubwa. Ila kaseti hizo zilirekodi pia watu wanane au kumi waliosikilizana chumbani kwa miaka mingi, na sehemu hiyo haikutokana na oskileta wala filta. Uhandisi ulijibu swali la joto na la gharama ya matengenezo. Swali la bendi lilikuwa la amani, kumbi na mishahara, na jibu lake litapatikana Garissa na Mogadishu kabla ya kupatikana kiwandani.