Kilemba katika Msafara wa Mfalme

Januari mosi 1511, Malkia Catherine wa Aragon alijifungua mtoto wa kiume. Mumewe, Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, alishindwa kuificha furaha yake. Februari akaandaa mashindano ya mikuki juu ya farasi huko Westminster, siku mbili mfululizo, naye mwenyewe akaingia uwanjani. Farasi wake alivishwa nguo iliyojaa herufi K, ya jina la mkewe, ambalo wakati huo liliandikwa pia Katherine.

Sherehe hiyo ilichorwa kwenye vipande vya ngozi vilivyounganishwa hadi kufikia takribani mita 18. Hati hiyo inatunzwa College of Arms, London, makao ya maofisa wa nembo za kifalme na za koo. Haifunguliwi ukurasa kwa ukurasa. Hukunjuliwa, na msafara ukapita mbele ya macho.

Watazame wapiga tarumbeta sita waliopanda farasi, bendera zenye nembo ya mfalme zikining'inia kwenye tarumbeta zao. Mmoja ni mweusi, na ndiye pekee aliyevaa kilemba. Huyo ni John Blanke. Anaonekana tena msafara unaporudi, safari hii na kilemba cha rangi nyingine. Hakuwa mtu wa kunyamaza: alimwomba mfalme ujira wake upande kutoka peni 8 hadi 16 kwa siku. Alipooa, mwaka 1512, mfalme alimtunza mavazi ya arusi.

Na yule mtoto? Alifariki Februari hiyohiyo, siku chache baada ya mashindano.