Moto wa Mina al Fahal
Sisi tuliokuja Muscat kutoka Unguja miaka ya 1970 tuliikuta Mina al Fahal tayari ni bandari ya mafuta. Shehena ya kwanza iliondoka Julai 1967. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza 1982, na mitaa ya Qurum ikazidi kukua jirani yake. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Umeme ukikatika ghafla katika kiwanda chochote cha namna hii, kompresa na pampu za kupoza husimama. Gesi haingoji: hupelekwa mnarani ikachomwe, la sivyo mitambo itapasuka. Na mvuke unaosaidia moto kuwaka safi ukipungua, hutoka moshi mweusi, masizi matupu. Mchana upepo wa bahari huvuma kuelekea bara, kwenye makazi. Mwenye pumu ana haki ya kuonywa saa ile ile, kabla hajafungua dirisha.