Kwa Nini Jina Moja Hutuvutia na Jingine Hutuchekesha?

Tunaposoma salamu za wasikilizaji studioni, tunalijua jina kabla ya kumjua mtu. Akiandika Neema au Baraka, tunasoma na kuendelea. Akiandika Shida, Tabu au Mashaka, mara nyingi kuna anayecheka, na hata sisi tumewahi kucheka. Salamu ni zile zile, ila jina tu ndilo tofauti. Hukumu hiyo ya haraka inatoka wapi?

Jina lina habari yake

Majina mengi ya kwetu ni kumbukumbu ya kuzaliwa. Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa, Hamisi wa Alhamisi, Chausiku alizaliwa usiku na Masika wakati wa mvua. Usukumani, Mabula naye ni mtoto wa mvua. Shida, Tabu na Mashaka hueleza hali ya nyumbani wakati ule: ujauzito mgumu, njaa, msiba au ugomvi wa ndoa.

Katika baadhi ya jamii, wazazi waliofiwa na watoto kadhaa walimpa anayefuata jina baya kwa makusudi, wakiamini kuwa kifo hakitamtamani. Jina tunalolisikia kama laana lilikuwa kinga. Lakini mtoto huenda shuleni na jina peke yake, bila maelezo ya bibi aliyempa. Mwalimu akiita mahudhurio, wenzake husikia neno tu, wakacheka.

Sikio huamua kwa vitu gani?

Kwanza ni maana, kama tulivyoona. Pili ni watu tuliowahi kuishi nao. Ukipigwa na mnyanyasaji darasa la tatu, jina lake linaweza kukuchukiza hadi uzeeni, na hata mtoto wako hutampa.

Tatu ni utani na burudani. Utani wa mtaani umemfanya Mwajuma kuwa mwanamke wa maneno mengi, ingawa jina lenyewe linataja siku tu. Masanja ni jina la kawaida kwa Wasukuma, lakini kwa wengi huleta kicheko kwa sababu ya mchekeshaji Masanja Mkandamizaji.

Nne ni mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kuwa watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara nyingi. Jina geni linaweza kuonekana baya kwa sababu tu hatujalizoea.

Tano, jina hudokeza dini, kabila, umri na hali ya maisha. Hapa ndipo utani unapogeuka kuwa hasara.

Hukumu inapomgharimu mtu

Mwaka 2004, watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Boston na Chicago, Marekani. Walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri, wakibandika majina bila kuangalia sifa za mwombaji. Wasifu wenye majina yanayohusishwa na Wazungu, kama Emily na Greg, uliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya ule wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal.

Ujerumani nako, utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa walimu wengi wa shule za msingi walihusisha jina Kevin na utovu wa nidhamu. Watoto hao walikuwa wameshapewa alama vichwani mwa walimu kabla hawajafungua daftari.

Tufanye nini?

Wazazi, kama jina la mtoto lina habari nzito, msimulieni mapema. Mtoto anayejua kwa nini anaitwa Tabu ana la kuwajibu wanaomcheka.

Walimu, kicheko cha kwanza darasani kinazimwa na ninyi. Waajiri, someni sifa za mwombaji kabla ya jina lake. Hata kulifunika kwa karatasi kunasaidia.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakumaanisha herufi bali sifa ya mtu, nayo hujengwa kwa matendo. Nasi studioni tumekubaliana: salamu za Shida tutazisoma kama tunavyosoma za Neema, bila kicheko.